Ombi Limekatwa na Nani? Uchunguzi wa Maombi ya POST Yanayoshindwa Kupita kwa Wakala wa Seva

1.0 Utangulizi

Mtumiaji wa tovuti anapojaza fomu, akabonyeza kitufe cha kutuma na asipate jibu alilolitarajia, hulieleza tatizo lake kwa maneno machache: fomu imegoma, mtandao umekatika, makala hayakwenda. Maneno hayo ni sahihi kwa upande wa mtumiaji, kwani ndivyo mambo yanavyoonekana mbele yake. Kwa upande wa msimamizi wa seva, hata hivyo, hayatoshi, kwa sababu hayamtaji aliyelikataa ombi wala mahali lilipokataliwa.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza sababu kuu zinazofanya maombi ya aina ya POST yashindwe yanapopita kwa seva inayosimama mbele ya seva nyingine, na utaratibu wa kuzitambua sababu hizo. Pili, yanajadili jinsi sarufi ya Kiswahili, hasa mnyambuliko wa vitenzi na upatanisho wa kisarufi, inavyoweza kumsaidia mchunguzi kuuliza swali linalofaa. Hoja inayotetewa ni kwamba kuchunguza hitilafu ya aina hii ni kuihamisha taarifa kutoka kauli ya kutendeka, isiyo na mtenda, hadi kauli ya kutendwa, yenye mtenda anayejulikana.

Suala hili haliwahusu mafundi peke yao. Ombi la POST ndilo linalobeba makala yanayowasilishwa kwa mhariri, maombi ya nafasi ya masomo, matokeo ya mitihani na malipo ya ada. Likipotea bila taarifa, mwombaji hukosa nafasi. Likitekelezwa mara mbili, mlipaji hutozwa mara mbili.

2.0 Wahusika na Istilahi

2.1 GET na POST

Itifaki ya HTTP, ambayo kwayo vivinjari na seva huzungumza, ilianza na njia moja tu ya kuomba, yaani GET. Toleo hilo la awali, lililobuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN, liliwekwa katika maandishi mwaka 1991. Njia ya POST iliingia katika HTTP/1.0, iliyoelezwa katika waraka wa RFC 1945 wa Mei 1996. Maelezo ya msingi yanayotumika sasa yamo katika RFC 9110 ya Juni 2022.

Tofauti ya njia hizi mbili ni ya kimsingi. Ombi la GET huenda kuchukua. Lisipojibiwa, laweza kurudiwa bila madhara. Ombi la POST huenda kuwasilisha. Kwa kawaida huwa na vichwa, vinavyotaja liendako, ukubwa na aina ya mzigo, na mwili, ambao ndio mzigo wenyewe. Kulirudia kwaweza kuleta athari mpya katika seva. Kwa sababu hiyo, ukurasa unaweza kusomeka vizuri kabisa, huku fomu iliyomo ndani yake ikishindwa kila inapotumwa. Kusomeka kwa ukurasa si ushahidi kwamba njia ya kuwasilishia ni nzima.

2.2 Wakala wa nani?

Tovuti nyingi haziruhusu kivinjari kuifikia moja kwa moja seva yenye programu na data. Mbele yake huwekwa seva nyingine inayopokea maombi yote, inayoshughulikia usimbaji fiche, kisha ikayapeleka ndani. Programu moja inayotumika sana kwa kazi hiyo ni nginx, iliyoandikwa na Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004.

Kwa seva hiyo ya mbele, Kiswahili chaweza kukopa na kusema "proksi ya kinyume". Istilahi hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno. Haielezi kinyume cha nini. Istilahi "seva mbadala" nayo hupotosha, kwani kitu mbadala hushika nafasi ya kingine, ilhali seva hii haichukui nafasi ya ile ya ndani bali hufanya kazi kwa niaba yake. Makala haya yanapendekeza "wakala". Neno hili linadai kijalizo: wakala lazima awe wa fulani. Proksi ya kawaida, inayotoka kwa niaba ya watumiaji wa ofisi au chuo, ni wakala wa mteja. Ile inayopokea kwa niaba ya seva ni wakala wa seva. Kinachozitofautisha si mwelekeo, bali ni nani anayewakilishwa.

Istilahi hii ina faida nyingine ya kisarufi. "Wakala" huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai, ilhali "seva" huchukua upatanisho wa ngeli ya I-/ZI-. Kwa hiyo "amelikataa" na "imelikataa" hutofautisha waliohusika kwa kiambishi kimoja tu. Wakala amelikataa ombi. Seva ya ndani imelikataa ombi. Swali zima la uchunguzi limo katika tofauti ya a- na i-.

Tahadhari inahitajika kuhusu kitenzi "-tumia". Kama kauli ya kutendea ya "-tuma", kina maana ya kumpelekea mtu kitu; lakini maana yake iliyoenea zaidi ni kukifanyia kitu kazi. Sentensi "wakala ameitumia seva" ina utata huo. Katika ripoti za kiufundi ni afadhali kusema wakala "ameifikishia seva ombi".

3.0 Kauli ya Kutendeka katika Ripoti za Hitilafu

Kutokana na mzizi -kat-, Kiswahili huunda "-katika" na "-katwa". Mifano ifuatayo inaonyesha tofauti ya matumizi yake:

(a) Muunganisho umekatika.
(b) Muunganisho umekatwa na wakala.
(c) *Muunganisho umekatika na wakala.

Sentensi (c) haikubaliki, kwani kauli ya kutendeka hueleza hali iliyofikiwa bila kumruhusu mtenda kutajwa. Watumiaji huichagua kauli hii kwa haki, kwa kuwa hawana njia ya kumjua mtenda. Tatizo huanza pale msimamizi anapoichukua sentensi (a) kuwa maelezo ya chanzo, akauelekeza uchunguzi kwenye waya na minara ya simu, wakati muunganisho haukukatika bali umekatwa, tena kwa mujibu wa agizo lililoandikwa katika faili la mipangilio ya wakala mwenyewe.

4.0 Mahali Ombi Linapokatwa

4.1 Ukomo wa ukubwa

Chukulia jarida la chuo kikuu linalopokea makala kupitia tovuti. Mbele kuna nginx. Nyuma yake kuna seva ya Apache yenye programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP. Mwandishi anawasilisha faili. Katika safari hiyo fupi kuna vipimo vitatu tofauti, na kila kimoja kina thamani yake ya awali iwapo msimamizi hakuibadilisha.

Kipimo cha kwanza ni cha wakala. Agizo la client_max_body_size katika nginx huruhusu mwili wa megabaiti 1 tu. Ombi linalozidi hapo hukataliwa kwa namba ya hali 413, na seva ya ndani haipati habari zake. Aidha, wakala aweza kukata kabla kivinjari hakijamaliza kutuma, na baadhi ya vivinjari hushindwa kulionyesha jibu hilo. Mtumiaji huambiwa kwamba muunganisho umekatika. Hapa ndipo kauli ya kutendeka inapopotosha kuliko mahali pengine pote: mtenda yupo, sababu ipo, na jibu lilikwisha kutolewa, ila halikuonekana.

Kipimo cha pili na cha tatu ni vya PHP. Faili moja linalopakiwa haliruhusiwi kuzidi megabaiti 2, na mwili mzima wa ombi hauruhusiwi kuzidi megabaiti 8. Tuseme msimamizi amekwisha kumwambia wakala aruhusu megabaiti 20. Faili la megabaiti 5 litapita kwa wakala, lakini PHP italikataa faili hilo huku ikizipokea sehemu nyingine za fomu. Faili la megabaiti 9 litaleta tukio la ajabu zaidi: PHP itauacha mwili wote, na programu itaiona fomu kuwa tupu. Mwandishi aliyejaza kila nafasi ataambiwa ajaze jina lake. Namba ya hali yaweza kuwa 200, yaani mafanikio, ingawa hakuna kilichopokelewa.

Funzo linalopatikana ni kwamba ukomo mdogo kuliko wote ndio unaotawala njia nzima, na kuurekebisha mmoja hufichua unaofuata. Vipimo vyote vitatu havina budi kupangwa kwa pamoja.

Ipo pia hitilafu inayofanana na hii lakini isiyotokana na ukomo. Mwili wa ombi ukizidi nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu ya kompyuta, nginx huuandika katika faili la muda. Ikiwa wakala hana ruhusa ya kuandika katika saraka husika, au diski imejaa, ombi hushindwa kwa namba 500. Dalili yake ni kwamba fomu ndogo zinapita na kubwa zinashindwa, ingawa bado ziko chini ya ukomo. Daftari la makosa la wakala hutaja wazi kwamba ruhusa imekosekana au nafasi imekwisha.

4.2 Ombi linalogeuzwa njiani

Aina ya pili ya hitilafu ni ngumu zaidi kuitambua, kwani ombi halikataliwi; linageuzwa. Wakala hupokea mawasiliano yaliyosimbwa ya HTTPS, lakini mara nyingi huzungumza na seva ya ndani kwa HTTP ya kawaida. Seva ya ndani, kwa kuwa haijui kilichotokea mlangoni, huandika katika fomu anwani inayoanza kwa http. Kivinjari hutuma POST kwenye anwani hiyo. Wakala, aliyeagizwa kumwelekeza kila mtu kwenye https, hujibu kwa namba 301. Kivinjari hutii, lakini kinapokwenda kwenye anwani mpya hubadili POST kuwa GET na kuuacha mwili wa ombi nyuma. Mtumiaji huona fomu ileile, tupu, bila neno lolote la kosa.

Tabia hii ina historia ndefu. RFC 1945 ilikwisha kutahadharisha mwaka 1996 kwamba baadhi ya vivinjari hubadili POST kuwa GET vinapopata 301 au 302, na ikaihesabu tabia hiyo kuwa kosa. Kosa lilienea hata likawa desturi; RFC 9110 inaliruhusu kwa sababu za kihistoria. Ili kuziba pengo hilo ziliongezwa namba 307, katika RFC 2616 ya mwaka 1999, na 308, iliyoingizwa katika njia ya viwango na RFC 7538 ya mwaka 2015. Namba hizi mbili hudai kwamba njia ya ombi isibadilishwe: anayewasilisha aendelee kuwasilisha.

Hata hivyo, kubadilisha 301 kuwa 308 ni kutibu dalili. Tiba ya chanzo ni wakala kuiarifu seva ya ndani, kwa kichwa cha X-Forwarded-Proto, kwamba mteja alikuja kwa https, na programu ya ndani kupangwa ili ikiamini kichwa hicho kinapotoka kwa wakala huyo peke yake. Kikiaminiwa kutoka kwa yeyote, mtu wa nje ataweza kukighushi. Hitilafu kama hii hutokea pia pale anwani ya fomu inapokosa mkwaju wa mwisho na seva ikamwelekeza mteja kwenye anwani yenye mkwaju.

4.3 Jina linalobadilishwa

Programu nyingi hukataa POST isiyothibitisha kwamba imetoka katika fomu ya tovuti yenyewe. Kinga hiyo huzuia tovuti ya kigeni kutumia kivinjari cha mtu kufanya jambo asilolikusudia. Mfumo wa Django, tangu toleo la 4.0 la Desemba 2021, hukilinganisha kichwa cha Origin, kinachotaja fomu ilikotoka, na jina la tovuti lililomo katika kichwa cha Host.

Wakala aweza kuuvuruga ulinganifu huo bila kukusudia. Asipopewa agizo jingine, nginx hubadilisha Host na kuweka jina la seva ya ndani kama lilivyoandikwa katika mipangilio yake. Mteja ametoka katika tovuti yenye jina moja. Seva inaambiwa kwamba imeitwa kwa jina jingine. Majina hayapatani, na ombi hukataliwa kwa namba 403. Maombi ya GET hupita, kwani hayakaguliwi hivyo. Katika hali hii seva imelikataa ombi, lakini chanzo ni wakala. Mtenda wa kisarufi na mwenye kosa si lazima wawe mmoja, na ripoti nzuri huwataja wote wawili. Tiba ni kumwagiza wakala apeleke jina la asili, na pale inapobidi kuiorodhesha tovuti miongoni mwa zile zinazoaminiwa. Kuiondoa kinga yenyewe, kama ifanywavyo na baadhi ya wasimamizi, ni kuuvunja mlango kwa kuwa ufunguo umekosekana.

4.4 Ukimya na kuchelewa

Namba 502 hutolewa na wakala anapokosa jibu linaloeleweka kutoka ndani: seva imezimika, imekataa muunganisho, au imeufunga kabla ya kujibu. Namba 504 hutolewa anapongoja hadi muda ukaisha. Katika nginx, muda wa kungoja kati ya usomaji mmoja na mwingine ni sekunde 60, iwapo haukubadilishwa.

Hatari ya 504 ni kwamba haisemi ombi halikutekelezwa. Inasema tu kwamba wakala amechoka kungoja. Seva ya ndani yaweza kuwa imekwisha kuyapokea malipo na bado inaandaa risiti. Mtumiaji akibonyeza tena, malipo hurudiwa. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 1.9.13, nginx hairudii kulipeleka ombi la POST kwa seva nyingine ikiwa lilikwisha kupelekwa kwa moja, isipokuwa msimamizi aamuru hivyo waziwazi. Kuongeza muda wa kungoja kwaweza kupunguza malalamiko. Lakini ulinzi wa kweli ni kila ombi kupewa namba yake ya pekee, ili seva ilitambue likija mara ya pili.

5.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Kutokana na maelezo hayo, uchunguzi unaweza kufuata hatua zifuatazo:

(i) Kusoma jibu lenyewe. Namba ya hali isomwe katika zana za kivinjari au kwa programu ya curl, si katika maneno ya ukurasa. Mtindo wa ukurasa wa kosa mara nyingi humtambulisha mwandishi wake: ukurasa mtupu wenye jina la nginx ni wa wakala, ukurasa wenye sura ya tovuti huenda ni wa seva ya ndani.

(ii) Kulinganisha madaftari. Ombi likionekana katika daftari la wakala na lisionekane katika la seva, limekatwa na wakala, au yeye ameshindwa kulifikisha. Likionekana kwa wote wawili, namba za hali zilinganishwe. Lisipoonekana kwa yeyote, halikufika mlangoni. Na likionekana kama POST yenye 301 ikifuatiwa mara moja na GET, limegeuzwa.

(iii) Kumpita wakala. Ombi lilelile litumwe kutoka ndani moja kwa moja kwa seva. Likifaulu, kosa limo kwa wakala au katika mapatano yao wawili.

(iv) Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Atumiwe kwanza mwili wa kilobaiti 1, kisha wa chini kidogo ya megabaiti 1, kisha wa juu kidogo. Ukubwa ambao ombi linaanza kushindwa utatambulisha ukomo unaohusika.

(v) Kujihadhari na chombo cha kupimia. Curl inapoagizwa kufuata maelekezo mapya, nayo hubadili POST kuwa GET inapopata 301, kama vivinjari. Lakini ikilazimishwa njia ya POST kwa chaguo la -X, huendelea kutaja POST hata baada ya kuelekezwa upya, na hivyo kuificha hitilafu inayotafutwa. Katika hatua za mwanzo ni bora isiruhusiwe kufuata maelekezo hata kidogo, ili jibu la kwanza lionekane.

Hatua hizi zikikamilika, ripoti iandikwe kwa sentensi moja yenye mtenda, kitendo, kitendwa na sababu. Kwa mfano: "Wakala amelikataa ombi kwa kuwa mwili wake ulizidi megabaiti 1", au: "Seva imelikataa ombi kwa kuwa wakala aliibadilishia jina la tovuti." Sentensi ikishindikana kuandikwa, uchunguzi haujakamilika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ombi la POST hushindwa kupita kwa wakala wa seva kwa njia nne kuu: kuzidi ukomo, kugeuzwa, kubadilishiwa jina na kucheleweshwa. Njia hizo zina dalili zinazofanana kwa mtumiaji lakini zina watenda tofauti, na tiba ya moja si tiba ya nyingine. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuitenganisha kila moja: kijalizo cha wakala, upatanisho wa a- na i-, na uhusiano wa kauli ya kutendeka na ya kutendwa.

Jitihada za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta, kama ile ya Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilihusu zaidi programu zinazoonekana na mtumiaji: menyu, vitufe na maelekezo. Kazi inayopaswa kuongezwa ni ya lugha ya msimamizi, yaani lugha ya madaftari na ripoti za hitilafu. Watafiti wa istilahi wanaweza kuanzia kwenye ujumbe wa makosa wenyewe, wakichunguza katika kila mmoja iwapo tafsiri iliyochaguliwa inamtaja mtenda au inamficha. Mwanafunzi ambaye maombi yake ya masomo hayakupokelewa anastahili kujua kwamba hayakupotea tu, bali yalikataliwa, na nani, na kwa sababu gani, ili aweze kuyawasilisha tena kabla muda haujapita.